Miili Kumi na Mitatu

Faili ni moja, Zigor, lakini ndani yake mna miili kumi na mitatu:
fremu, na milango kumi na miwili ya masanduku ya barua
ya jengo lenu pale Elgoibar, lile lililogeukia mto.
Ya zamani yalioza kwa kutu
hadi konokono wakaanza kula bili za umeme.

Nimeichora pamoja kwa sababu haikubali kuchorwa mbalimbali.
Mlango haujui upana wake mpaka fremu iseme.
Bawaba haina pa kukaa mpaka mlango ukae.
Sogeza ukuta milimita tatu, wote husogea,
kimya kimya, kama ndugu wanaompisha mgonjwa kitandani.

Ila kuchorwa pamoja si kuwa kitu kimoja.
Jumanne nilisahau kufuta alama
kwenye kijisanduku kisemacho "Unganisha",
na mlango wa saba ukayeyukia kwenye fremu,
ukingo kwa ukingo, bila mshono.
Kwenye skrini ulipendeza. Ungedhani kazi imekwisha.
Nikaamuru: kunjuka.
Ukakataa. Maandishi mekundu. Nikaamuru tena.
Kisicho na pengo hakina pa kuanzia kukunjuka.

Saa nzima nilisaka kosa, mvua ikipiga paa la karakana,
hadi nilipotoa nusu milimita ya hewa kila upande.
Mlango ukalala bapa,
mstatili wenye masikio manne,
kama ngozi iliyowambwa.

Unene: fremu milimita mbili, milango moja na nusu.
Hiyo nusu tuligombana, wewe na mimi, siku mbili.
Nilitaka unene mmoja kwa wote, karatasi moja ya bati,
leza moja, hesabu nyepesi.
Ukasema: Edurne wa ghorofa ya nne ana baridi yabisi vidoleni,
mlango mzito hataufungua.
Nikaurudia mchoro.

Kisha ile namba.
Kila mkunjo huniuliza: bati likipinda,
nje hurefuka, ndani hufinyika,
basi ni wapi katikati pasipobadilika?
Vitabu vina majibu yao.
Mimi huandika sifuri nukta nne mbili,
kwa kuwa mwaka ule nilipofika na cheti kipya
na kalamu tatu mfukoni,
uliokota mabaki sakafuni, ukayakunja kimoja kimoja
kwenye ile mashine ya kijani,
ukayapima, ukayaandika kwa chaki, ukanirushia mezani:
"Arrate, hesabu yako imesoma shule. Hii imefanya kazi."

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Bati halina ubichi.
Hukunjwa baridi, limekwisha komaa,
na ukiliachia hurudi nyuma, nyuzi moja, pengine mbili,
likikumbuka lilivyolala.
Wewe huzizidisha nyuzi hizo kabla halijaziomba,
umelitegea sikio la kushoto,
lile ambalo bado linasikia.

Ijumaa unastaafu.
Kutakuwa na keki. Meneja atakosea jina la mkeo.
Kijana kutoka Eibar atapewa funguo za kabati lako
na atataka kujua mbona kuna viatu vitatu, vyote vya kulia.
Sitasema kitu, sina ulimi wa hotuba.
Lakini faili yoyote atakayoifungua,
tanuri za mikate, vifuniko vya lifti,
ile trei ya hospitali iliyotutoa jasho,
chini ya kila mkunjo atakuta nne mbili
na hatajua ni mkono wa nani.

Huenda akaibadilisha. Hiyo ni haki yake.
Akunje kwanza mabaki.

Mlango wa saba ni wako. Nimeukagua mara mbili.
Ukiufikia, usiniite kuniuliza
kwa nini nafasi ya kibao cha jina
imezidi zile nyingine kwa milimita tisa.
Urrutikoetxea ni herufi kumi na tatu, Zigor.
Nilijaribu kuzibana.
Hazikukaa.